Mazungumzo ya Mwalimu: Je, biro yaweza kuwa shule?



Kila nyumba ya shule huzeeka. Mabati hushika kutu, mbao za dari huliwa na mchwa, nyufa hutambaa ukutani, na siku moja kamati ya wazazi hukubali yale ambayo walimu wameyasema tangu miaka mingi: nyumba hii haina budi kutengenezwa upya. Hapo wote hufurahi. Huhesabu simenti, huhesabu mabati, humtafuta fundi mwaminifu. Swali moja tu husahauliwa mpaka juma la mwisho: watoto watakaa wapi wakati mafundi wanapofanya kazi?

Majibu ya desturi ni machache. Kuna wanaongoja likizo kubwa, lakini kazi ya miezi sita haiingii katika likizo ya miezi miwili. Kuna wanaoigawa siku, kalasi hizi asubuhi na zile alasiri, katika nusu ya nyumba iliyobaki. Desturi hiyo twaijua sana katika miji yetu, nasi walimu twajua pia jinsi mtoto wa saa nane mchana anavyosinzia juu ya daftari lake. Na kuna wanaotafuta nyumba ya kuazima. Katika mji uliokuwa na makampuni makubwa, nyumba za namna hiyo hazikosekani: biro, au ofisi kama wasemavyo wenzetu wa pwani, zilizobaki tupu, zenye sakafu nzuri, umeme na paa zima. Mwenye nyumba anasema, chukueni kwa mwaka mmoja. Nao wazazi wanaona kwamba shida imekwisha: tutaingiza madawati, tutatundika mbao nyeusi, na kengele itapigwa.

Leo nataka tulitazame jambo hili polepole, kwa maana wengi wamelidhani kuwa jepesi, na halikuwa jepesi.

Tuanze na hesabu, kama ipasavyo shuleni. Nyumba ya biro imejengwa kwa ajili ya watu wachache. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani huhesabu kwamba karani mmoja anahitaji kama meta za mraba 14, ukitia ndani njia za kupitia na mahali pa makabati. Mwanafunzi katika kalasi huhesabiwa chini ya meta za mraba 2. Basi, sakafu ya meta za mraba 70, iliyokuwa ikikaliwa na makarani 5, siku ya kwanza ya masomo itapokea watoto 35 na zaidi. Nyumba haikuongezeka hata upana wa kidole. Watu wameongezeka mara saba.

Mara saba hizo zinafika kila mahali. Zinafika chooni, ambako mashimo mawili yaliwatosha makarani na wageni wao. Zinafika kwenye ngazi, ambazo makarani walizipanda mmoja mmoja, kila mtu kwa saa yake, lakini wanafunzi watazishuka wote pamoja kengele inapolia. Tena zinafika katika hewa. Biro za kisasa mara nyingi zina madirisha yasiyofunguka, na hewa inaletwa na mashine. Ukifuata vipimo vya wahandisi wa mambo ya hewa, kalasi huhitaji hewa mpya kutoka nje mara tano na zaidi kuliko biro ya ukubwa ule ule. Mashine iliyowekwa kwa ajili ya makarani haitaweza. Saa nne asubuhi watoto watapiga miayo, na mwalimu atawaita wavivu, kumbe hewa imechakaa.

Jambo moja litawashangaza. Watu wengi huogopa kwamba sakafu ya orofa itaanguka kwa uzito wa watoto. Vitabu vya wahandisi havisemi hivyo. Sakafu ya biro hupimwa ichukue kama kilo 244 juu ya kila meta ya mraba; ile ya kalasi hutakiwa ichukue kilo 195 tu. Watoto ni wepesi kuliko makabati ya karatasi! Lakini njia za ndani, ambamo umati hupita, katika orofa za juu za shule hutakiwa zichukue kilo 390, na chumba cha rafu za vitabu kilo 730. Yaani, kama shule yenu ina maktaba, msiipandishe juu kwa sababu tu kule juu kuna utulivu. Iwekeni chini, juu ya udongo wenyewe.

Kuhusu milango sitapita haraka. Kanuni zile zile zasema kwamba kalasi yenye watu 50 na zaidi iwe na milango miwili, tena ifunguke kwa kusukumwa nje. Ni nani kati yetu asiyejua kalasi ya watoto 50, na 60, na kupita? Na chumba cha biro kina mlango mmoja, unaofunguka kwa ndani. Pengine msomaji atasema kwamba hizo ni taabu za Wazungu wenye fedha. Asome basi habari za Chicago. Tarehe 1 Desemba 1958, katika shule ya parokia ya Our Lady of the Angels, moto uliwaka chini kabisa, penye mguu wa ngazi. Ngazi ilikuwa ya mbao, na katika orofa ya juu haikuwa na mlango wa kuzuia moshi. Moshi ukapanda kama katika bomba, ukaijaza njia ya ndani, na kalasi zilizojaa zikabaki na madirisha tu, nayo yako juu mno kwa mtoto kuruka. Walikufa watoto 92 na masista 3 waliokuwa wakiwafundisha. Nyumba ile haikuwa ya kuazima, ilikuwa shule kweli. Baada ya siku hiyo miji mingi ya Marekani ilibadilisha sheria zake za shule. Kanuni za milango na ngazi nilizozitaja si vitu vya anasa. Nyingine zililipiwa namna hiyo.

Je, maana yake ni kwamba biro haiwezi kuwa shule? Yaweza. Katika wilaya ya Fairfax, jimbo la Virginia, si mbali na Washington, shule ya msingi ya Bailey's ilikuwa imejaa kupita kiasi, na hakukuwa na uwanja wa kujenga nyingine. Serikali ya mahali ilinunua nyumba ya biro yenye orofa tano, ikaigeuza, na mwaka 2014 watoto wa mwaka wa tatu hadi wa tano wakaingia. Ikaitwa Bailey's Upper. Mambo ya mbao, rangi na kalasi yaliwezekana. Manung'uniko ya wazazi yalikuwa hasa juu ya mahali pa kuchezea, kwa maana biro huzungukwa na magari, wala hazizungukwi na majani. Mtu akijenga biro hafikirii kamwe kwamba saa nne na nusu makarani watatoka nje kukimbiza mpira.

Lakini ile ilikuwa nyumba ya kudumu. Walikuwa na nafasi ya kuitengeneza mpaka mwisho. Habari ya nyumba ya muda ni nyingine, na mfano bora ninaoujua unatoka katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, kando ya ziwa Champlain, upande wa kaskazini-mashariki wa Marekani. Huko haikuwa biro bali magazini, duka kubwa la nguo na vyombo. Lakini shida ni zile zile, na historia yake inafundisha.

Shule ya sekondari ya Burlington ilifunguliwa mwaka 1964. Mwaka 2018 wenyeji walipiga kura kukubali deni la dolari milioni 70 ili itengenezwe upya. Kabla ya kubomoa ukuta wowote, vitu vya nyumba vilipimwa, kama sheria ilivyotaka. Ndipo ikaonekana dawa inayoitwa kwa herufi tatu, PCB. Zamani dawa hiyo ilitiwa katika rangi, katika ulimbo wa kuzibia madirisha na katika vyombo vya taa na vya umeme, kwa sababu haiogopi moto. Marekani iliikataza mwaka 1979, maana hudhuru mwili, na husadikiwa kuleta kansa. Katika nyumba za Burlington ilikuwa imetoka ukutani ikaingia hewani, kupita kipimo mara nyingi. Septemba 2020, masomo yakiwa ndiyo kwanza yameanza, shule ikafungwa.

Fikirini hali ya wakubwa wa shule. Wanafunzi karibu elfu moja hawana pa kwenda, tena ugonjwa wa korona umeenea. Watoto walibaki nyumbani, wakifundishwa kwa njia ya kompyuta, mwezi baada ya mwezi. Katikati ya mji palikuwa na magazini ya Macy's, iliyofungwa mwaka 2018. Wakaipanga. Mafundi wakafanya kazi majuma machache tu, na tarehe 4 Machi 2021 wanafunzi wakaingia.

Magazeti yalifurahia sana. Wanafunzi walipanda kwenda kalasini kwa ngazi zinazotembea zenyewe. Mabango ya nguo yalikuwa bado ukutani. Vitabu vya maktaba vilipangwa mahali palipouzwa sahani za thamani. Hayo yote ni mazuri kusimulia, nami sina neno juu yake. Mtoto aliyekaa nyumbani miezi sita hufurahi kuwaona wenzake hata kama ni katika ghala la nguo.

Lakini mwalimu akisoma habari hizo hutafuta jambo jingine, naye hulipata katika maneno mafupi: kuta za kalasi hazikufika juu darini. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya haraka, na nyumba ilikuwa ya kupanga, walisimamisha kuta fupi zenye kugawa vyumba, na juu yake pakabaki wazi. Ninyi mliofundisha katika nyumba ya namna hiyo mwajua maana yake. Mwalimu wa jiografia anataja mito ya Kongo, na toka upande wa pili kalasi nzima inaitika kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Kipimo cha Marekani chasema kwamba katika kalasi tupu, kelele zitokazo mahali pengine zisipite desibeli 35, yaani kama mnong'ono tu. Mwalimu akishindana na jirani yake, kila mmoja hupandisha sauti, na kabla ya saa sita wote wawili wamekauka koo. Anayepata hasara ya kwanza ni mtoto wa nyuma, na kati ya watoto wa nyuma, yule ambaye lugha ya masomo si lugha ya mama yake.

Neno hilo latugusa. Katika mji wa Burlington wamepokelewa wakimbizi wa mataifa mengi, nao ndugu zetu wa Kongo wamo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za nyumbani za wanafunzi. Mtoto aliyezaliwa Kivu, anayejifunza algebra kwa Kiingereza, hawezi kujaza kwa akili yake neno lililomezwa na kelele. Mwenzake mwenye lugha hiyo hulibahatisha. Yeye hulikosa.

Tena vyumba vingi havikuwa na madirisha. Mwenye duka hapendi dirisha, kwa kuwa hutaka mteja asahau saa. Mwalimu anataka kinyume chake.

Mtasema: ni kwa muda tu. Hapo ndipo penye shina la mazungumzo yangu. Magazini ya Burlington ilipangwa kama nyumba ya muda. Mwaka 2021 wakubwa waliona kwamba shule ya zamani haitengenezeki, wakaacha mpango wa dolari milioni 70. Novemba 2022 wenyeji walipiga kura tena, wakakubali dolari milioni 165 za kujenga shule mpya. Nyumba za zamani zilibomolewa mwaka 2023. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, wala siwalaumu: sumu haijadiliani na mtu, na mji ule si tajiri kupita kiasi. Lakini hesabuni miaka. Shule hiyo ina miaka minne, wa tisa hadi wa kumi na mbili. Mtoto aliyeingia mwaka wa tisa Septemba 2020 alimaliza Juni 2024. Shule ya zamani alikuwa amefungiwa nje yake tangu majuma ya kwanza. Shule mpya ilikuwa bado matofali na vyuma. Kwa mhandisi, magazini ilikuwa nyumba ya muda. Kwa mtoto huyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya sekondari, yote nzima, wala hakuwa na nyingine.

Kwa hiyo mimi nakataa desturi ya kusema, «tuvumilie kidogo, tutatengeneza vizuri tutakaporudi.» Atakayerudi ni nani? Mara nyingi ni mdogo wake. Twawajua watu wa Goma, ambao Nyiragongo iliuchoma mji wao tarehe 17 Januari 2002 pamoja na shule zao. Kalasi nyingi zilizoanzishwa kwa mbao na maturubai ziliwalea watoto kwa muda mrefu kuliko ulivyotajwa siku ya kwanza. Kule ulikuwa moto wa mlima, hakuna aliyeuliziwa. Lakini ninyi mnaotaka kutengeneza paa kwa hiari yenu, mna nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo ni ya thamani.

Mkichagua biro ya kampuni ya zamani, basi, yako mambo ambayo ningependa kamati iyaulize kabla ya kushukuru. La kwanza ni lile la Burlington lenyewe: nyumba hii ina nini ndani ya kuta zake? Walihama kwa kuogopa sumu. Ingekuwa ajabu kuhamia katika sumu nyingine. Nyumba nyingi za miaka ya 1950 na 1960, ulimwenguni kote, zilitiwa amianti katika bati ngumu za kijivu na katika mbao za kugawia vyumba. Ikikaa nzima haisumbui sana. Ikikatwa kwa msumeno hutoa vumbi linalokaa mapafuni na kuleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Nanyi mkigeuza biro kuwa kalasi, kazi ya kwanza ni kukata kuta. Na kama uani pana kabini ya umeme yenye transfoma za zamani, ifungwe kwa kufuli, maana mafuta ya transfoma za zamani mara nyingi ndiyo yenye ile PCB. Nimesikia watu wakiyasifu mafuta hayo kuwa ni mazuri kwa kukaangia au kwa kupaka ngozi. Baba na mama, nawasihi: hata tone moja lisiingie jikoni.

Baada ya hayo ndipo mhesabu milango na ngazi, na vyoo vya wasichana mbali na vya wavulana. Kuta za kugawia zipandishwe mpaka dari, hata ikiwalazimu kuwa na kalasi moja pungufu. Najua mkurugenzi atasema kwamba mbao ni ghali. Ni ghali kweli. Apunguze rangi basi, apunguze sherehe ya ufunguzi. Watoto wadogo wakae chini, wakubwa wapande juu, kwa maana mdogo hushuka ngazi polepole na huwazuia wote walio nyuma yake.

Mwisho, karatasi ya mapatano. Wengi huandika siku ya kuingia na bei ya kupanga, basi. Iandikwe pia siku ya kutoka, na kando yake jina la mtu atakayekuja mbele ya wazazi wote siku hiyo kueleza, kama kazi ya fundi haijakwisha, kwa nini haijakwisha na fedha zimekwenda wapi. Iandikwe ni nani atakayelipa umeme wa mashine za hewa, kwa sababu mwenye nyumba atazizima mwezi wa pili. Na kwa kuwa biro za zamani hupenda kufunga mlango wa nyuma kwa kuogopa wezi, iandikwe ni mlinzi gani anashika ufunguo wa mlango huo, na kwamba kila asubuhi ataufungua kabla ya kengele ya kwanza, mtoto wa kwanza akiwa bado uani.